Mtoto akikuonyesha tone linalotembea, umjibu nini?

Watoto wa sekondari siku hizi hawasubiri mwalimu afike kwenye mada. Wanaikuta kwenye simu, na mara nyingi simu yenyewe ni yako mzazi. Miongoni mwa video za sayansi zinazowavutia ipo hii: sahani ya mafuta inatetemeshwa, tone dogo linadondoshwa juu yake, na badala ya kuzama linarukaruka. Baada ya muda tone hilo linaanza kutembea lenyewe juu ya mafuta, likisindikizwa na viduara vya mawimbi. Kisha msimulizi anasema hii ndiyo siri ya fizikia ya kwanta, kwamba hivi ndivyo elektroni zinavyotembea ndani ya kila kitu unachokigusa.

Mtoto anakuletea simu. "Baba, hii ni kweli?"

Wazazi wengi tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni "kamuulize mwalimu wako." La pili ni "ndiyo, si umeona mwenyewe?" Yote mawili yanamaliza mazungumzo kabla hayajaanza, na hilo la pili lina tatizo jingine. Video ni ya kweli na tone linatembea kweli, lakini dai lililobandikwa juu yake lilipopimwa kwa makini halikusimama. Mtoto anayejifunza mapema kutenganisha alichokiona na alichoambiwa kuhusu alichokiona atakuwa na kinga hata video ijayo itakapohusu dawa, fedha au siasa. Huhitaji digrii ya fizikia kumsaidia. Habari yenyewe imejaa mambo ya kifamilia, na inasimulika hata mkiwa mnachambua mchele.

Baba aliona chembe, mwana akaona wimbi

Anza na kina Thomson wa Uingereza. Mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kwamba ndani ya atomu kuna chembe ndogo zenye chaji hasi, ambazo leo tunaziita elektroni. Kwa kazi zake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Miaka 30 baada ya ugunduzi huo mwanawe, George, akiwa Aberdeen huko Scotland, alipitisha elektroni kwenye utando mwembamba sana wa metali. Upande wa pili aliona duara ndani ya duara, alama zinazotokea mawimbi yanapokutana. Naye alipata Nobel, mwaka 1937. Kwa kifupi, baba alituzwa kwa kazi iliyoonyesha kuwa elektroni ni chembe, mwana akatuzwa kwa kuonyesha kuwa ni wimbi, na hakuna aliyekuwa amekosea.

Hapo ndipo kichwa cha mtoto kinapoanza kuuma, na cha mzazi pia. Chembe ni kama punje ya mtama: iko hapa au haiko. Wimbi limetandaa. Ukitupa jiwe bwawani huwezi kunyoosha kidole useme wimbi liko pale tu.

Kipimo kinachoonyesha utata huu vizuri zaidi ni cha nyufa mbili. Unaweka ukuta wenye nyufa mbili nyembamba, nyuma yake kioo cha kunasa alama, kisha unatuma elektroni moja moja. Kila elektroni inaacha nukta moja tu kwenye kioo, kama chembe. Lakini nukta zikishakuwa maelfu zinajipanga katika mistari, mahali pana nukta tele na pengine hapana kitu, kama ambavyo mawimbi yaliyopita nyufa mbili yangefanya. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake wa Hitachi, Japan, walirekodi jambo hili nukta kwa nukta, kwa kifaa kilichozipa elektroni njia mbili. Kwa hiyo wimbi si la kundi la elektroni zinazosukumana. Hata ile iliyo peke yake safarini inafuata sheria hiyo.

Kaka, mdogo wake na wazo lililozomewa

Ufaransa kulikuwa na ndugu wawili wa ukoo wa de Broglie. Maurice alimzidi mdogo wake Louis kwa miaka 17, na baba yao alipofariki mwaka 1906 ndiye aliyesimamia malezi ya kijana huyo. Louis alisoma historia kwanza. Ni mazungumzo na kaka yake, mtafiti wa miale ya X, yaliyomvuta kwenye fizikia. (Wewe ambaye presha inapanda kwa sababu mtoto anataka kubadili kozi, pumua kidogo.) Mwaka 1924 Louis aliandika katika tasnifu yake ya udaktari kwamba kila chembe inasafiri na wimbi. Miaka mitano baadaye alipewa Nobel.

Alitaka kwenda mbali zaidi. Katika mkutano wa Solvay uliofanyika Brussels mwaka 1927 alieleza kwamba huenda chembe na wimbi ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: wimbi linaongoza, chembe inafuata, kama ngalawa inayobebwa na mkondo. Alihojiwa vikali, hasa na Wolfgang Pauli. Waliotawala mjadala ni kundi la Niels Bohr wa Denmark, waliosema hakuna maana ya kuuliza elektroni ilipita njia gani kama hukuipima. De Broglie aliliweka wazo lake pembeni kwa miaka mingi, mpaka Mmarekani David Bohm alipolifufua mwaka 1952.

Wakati huohuo, Frankfurt nchini Ujerumani, Erwin Madelung alikuwa ameona jambo jingine. Erwin Schrödinger alikuwa ametoa mlinganyo wake maarufu mwaka 1926, ambao wanafunzi wa fizikia vyuoni hadi leo wanahangaika nao. Mwaka huohuo Madelung aliugawa mara mbili, na vipande vyote viwili vikafanana na milinganyo ambayo wahandisi wa maji waliijua tangu karne ya 18.

Kipande cha kwanza kinasema kitu ambacho fundi bomba yeyote anakijua: maji yaliyotoka hapa lazima yaonekane kule, hayapotei njiani. Cha pili kinasema jinsi maji yanavyoongeza mwendo yanaposukumwa. Tofauti ni kijisehemu kimoja kilichoongezeka katika kipande hiki cha pili, msukumo ambao maji ya bombani hayana. Msukumo huu hauangalii wingi wa maji, unaangalia umbo la mtandao wake. Mahali ambapo karibu hapana kitu unaweza kuwa mkubwa kuliko mahali palipojaa. Ugeni wote wa kwanta umejificha hapo.

Hilo ni hesabu, na hesabu hiyo ni sahihi hadi leo. Kwa elektroni moja, fizikia ya kwanta inaweza kuandikwa kama mwendo wa kimiminika kisicho na msuguano. Ukitaka kumwambia mtoto jambo moja la uhakika kuhusu uhusiano wa mambo haya mawili, mwambie hilo.

Tone la Paris

Sasa turudi kwenye video. Mwaka 2005 Yves Couder, Emmanuel Fort na wenzao wa Paris walichapisha habari ya matone yanayotembea. Kinachotokea si uchawi. Mafuta ya silikoni yanatikiswa juu na chini makumi ya mara kwa sekunde. Tone la takriban milimita moja likidondoka, hewa kidogo inabanwa kati yake na mafuta ya chini, na kabla hewa hiyo haijaisha sahani imeshalirusha tena juu. Kila likitua linaacha wimbi. Likitua mara nyingine halikuti mahali tambarare, linakuta mteremko wa wimbi lake lenyewe, linateleza upande, na hivyo ndivyo linavyopiga hatua.

Fikiria mtu anayetembea juu ya godoro la sponji, kila anapokanyaga anaacha bonde linaloamua atakanyaga wapi tena. Tone linabeba kumbukumbu ya njia yake katika mawimbi. Unaweza kuelewa kwa nini watu walimkumbuka de Broglie: kuna chembe, kuna wimbi, wimbi linaongoza na chembe inafuata. Unaviona vyote kwa macho, juu ya meza.

Mwaka 2006 Couder na Fort walitangaza jambo lililowasha moto. Walipitisha matone kwenye nyufa mbili, moja baada ya jingine, na wakasema yametua kwa mpangilio wa mistari, kama elektroni. Hapo ndipo video nyingi zinaposimama.

Lakini matone waliyoyahesabu kwenye nyufa mbili yalikuwa 75 tu. Mwombe mtoto arushe sarafu mara 10 na aandike matokeo. Akipata upande wa picha mara 7, je, sarafu ni mbovu? Arushe mara 200 ndipo mzungumze. Matone 75 yaliyosambaa sehemu nyingi za ubao yanaweza kuonekana yamejipanga kumbe ni bahati tu, hasa kwa jicho ambalo tayari linajua linatafuta nini.

Mjukuu anarudia kipimo

Aliyeamua kukirudia kipimo alikuwa Tomas Bohr wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, mtaalamu wa mwendo wa vimiminika. Jina hilo ni lilelile: ni mjukuu wa Niels Bohr, na baba yake, Aage, naye alipata Nobel ya fizikia mwaka 1975, miaka 53 baada ya babu. Mtu anaweza kusema alikwenda kulinda heshima ya ukoo. Mimi naona cha kuangalia ni alichokifanya maabara, kwa sababu kipimo hakijui ukoo wa mtu.

Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Hawakuiona ile mistari. Watafiti wa MIT nchini Marekani wakiwa na John Bush, ambaye ni mpenzi mkubwa wa matone haya, nao walirudia kwa uangalifu wakachapisha mwaka 2018. Mistari ya elektroni haikutokea. Hawa hawakuwa wapinzani wa wazo, na ndiyo maana jibu lao lina uzito.

Tomas Bohr aliongeza na swali la kufikirisha ambalo hata mtoto wa darasa la saba anaweza kulifuata. Chukua ukuta wenye nyufa mbili. Sasa jenga ukuta mwingine mrefu unaoanzia katikati ya nyufa hizo kurudi nyuma, kuelekea matone yanakotoka. Tone sasa linalazimika kuchagua upande mapema sana. Likiingia kushoto, linaendelea kupiga mawimbi kushoto. Wimbi dogo lililoingia kulia halina tone la kulipa nguvu, hivyo linafifia na kufa kabla halijafika kwenye ufa. Mwisho wa safari tone la kushoto halina habari kwamba kulia kuna ufa.

Kwa elektroni si hivyo. Kwa mujibu wa mlinganyo wa Schrödinger, wimbi linapita pande zote mbili na halifi kwa sababu chembe haikuonekana upande ule. Ukuta uwe mrefu kiasi gani, mawimbi yatakutana mbele na mistari itatokea. Tofauti hii inatoka kwenye mzizi: mawimbi ya tone yanazalishwa na tone, yanatumia nguvu, yanachoka. Wimbi la kwanta halichoki.

Mtoto mwerevu atauliza: basi de Broglie aliumbuka? Hapana, na hapa uwe mwangalifu usimpeleke upande mwingine wa kosa. Nadharia ya wimbi linaloongoza, kama Bohm alivyoiandika, inatoa majibu yaleyale ya vipimo kama fizikia ya kwanta ya kawaida, na wapo wanaoitetea hadi leo. Kilichoshindwa ni dai kwamba sahani ya mafuta inaweza kufanya yote ambayo elektroni inafanya.

Ipo na sababu ya ndani zaidi. Elektroni moja unaweza kuichorea kimiminika chake ndani ya chumba: urefu, upana, kimo, namba tatu zinatosha. Elektroni mbili zikishafungamana, kimiminika cha Madelung kinahitaji namba sita. Tatu zinataka tisa. Bwawa hilo halimo chumbani tena, na hakuna sahani utakayoinunua ya kulimwaga ndani yake. Bush mwenyewe anaendelea kuyachunguza matone, na kazi hiyo anaiita mifano inayofanana na kwanta. Ni jina la haki. Watengeneza video wangelitumia wangekuwa wametusaidia.

Kimiminika ambacho ni kwanta kweli

Ikiwa mtoto amebaki na huzuni kwamba tone lake limeshushwa cheo, mpe zawadi ya heliamu.

Ni gesi ileile ya maputo ya sherehe yanayopaa. Ukiipoza hadi kama nyuzi 269 chini ya sifuri inakuwa kimiminika, na katika hali hiyo hutumika hospitalini kupoza sumaku za mashine nyingi za MRI. Sisi Tanzania tunayo ardhini: mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwepo kwa gesi nyingi ya heliamu eneo la Rukwa, katika Bonde la Ufa, ambako joto la volkano limeitoa kwenye miamba ya kale sana.

Ipoze zaidi, ipite nyuzi 271 chini ya sifuri, na tabia yake inabadilika ghafla. Pyotr Kapitza huko Moscow, na John Allen na Don Misener huko Cambridge, walitangaza jambo hilo kwa wakati mmoja, Januari 1938. Heliamu hiyo inapita kwenye vitundu vidogo sana bila kukwama, kana kwamba haina mnato hata chembe. Ukiiacha kwenye kikombe kisichofunikwa, utando wake mwembamba unapanda ukuta wa ndani, unavuka mdomo na kushuka nje, hadi kikombe kinabaki kitupu. Mama yeyote aliyewahi kulaumu watoto kwa maziwa yaliyopungua angepata kazi nayo.

Linalohusu mada yetu zaidi ni hili. Koroga chai na inazunguka kwa kasi yoyote unayotaka, polepole au haraka. Zungusha chombo cha heliamu hii taratibu na yenyewe inabaki imetulia kana kwamba haijaambiwa. Ongeza kasi, na ghafla unatokea mzunguko mmoja mwembamba kama uzi, wenye nguvu maalumu. Ongeza tena, unatokea wa pili, una nguvu sawasawa na wa kwanza. Mmoja na nusu haupo. Lars Onsager alilitabiri hilo mwaka 1949 na Richard Feynman akaliendeleza mwaka 1955. Mwaka 1979 watafiti wa Berkeley, California, walichapisha picha zake: mizunguko miwili, mitatu na kuendelea, imepangana kwa umbo zuri, yote inalingana.

Kuhesabika huko kwa moja, mbili, tatu bila chenji katikati ndiko kulikoipa kwanta jina lake. Hapa haiigizwi na mafuta. Atomu zisizohesabika zinashiriki wimbi moja, na wimbi hilo ndilo linalotiririka. Mtambo mkubwa wa CERN, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, unapoza sumaku zake kwa heliamu ya hali hiyohiyo katika duara la kilomita 27.

Kwa jioni ya Jumamosi

Huwezi kupoza heliamu nyumbani, na sahani ya kutetemesha mafuta inataka vifaa. Mawimbi mawili yakikutana, hata hivyo, mnaweza kuyaona kwa beseni jeupe pana, maji ya kina cha vidole viwili na jua au taa moja ya juu. Mtoto atanue vidole viwili vya mkono mmoja, agusegusie maji kwa mpigo wa haraka na ulio sawa, kisha wote mwangalie chini ya beseni, si juu ya maji. Vivuli vya mawimbi vitaonekana vikipishana. Kuna njia zinazotoka katikati ya vidole ambako kivuli kinakolea, na katikati ya njia hizo kuna mahali maji yanakaribia kutulia, ingawa mawimbi yanafika kutoka pande zote mbili. Abadilishe umbali wa vidole aone njia zinavyosogea. Elektroni za Tonomura zilijipanga kwa kanuni hiyohiyo.

Tumieni maji tu. Mafuta ya kupikia yana bei, na tena ni mazito, mawimbi yake yanakufa kabla hayajafika popote.